Kioo cha Kulitazamia Jua

Tak.

Ilikuwa sauti fupi, kavu, kama ya ukucha unaokatwa, na mtu asiyejua vioo angeiacha ipite. Yeye alikuwa ameishi na vioo miaka ishirini na mitatu. Alijua kwamba kioo kinachoanguka hupiga kelele nyingi, lakini kioo kinachopasuka kikiwa mahali pake husema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, na kikishasema yamekwisha. Miezi yote iliyofuata aliisikia sauti hiyo akipanda ngazi, akisuuza sahani, akiinama juu ya mashine yake, na kila alipoisikia alishika kilichokuwa karibu, kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi za miwani. Alikaa katika chumba cha nyuma cha duka la miwani, chumba chembamba chenye dirisha moja, jiwe la kusagia lililozunguka chini ya uzi wa maji, na ndoo ya tope jeupe ambalo zamani lilikuwa kioo. Kule mbele Daktari wa macho alipima watu, akaandika namba kwenye karatasi, akaipenyeza karatasi katika tundu la ukutani. Yeye aliipokea, akachagua lenzi, akaisaga ukingo mpaka ikakubali fremu. Wenye macho yao hakuwaona. Aliwajua kwa namba tu, na kwa sauti zao walipovaa miwani mipya kwa mara ya kwanza na kushangaa, "Loo, kumbe ukuta huu una nyufa!" Dukani walimwita Fundi. Mumewe naye alimwita Fundi, kwanza kwa utani, kisha kwa mazoea, kisha kwa mapenzi yasiyojua tena yalianzia wapi.

Mumewe alikuwa kinyozi. Kinyozi wa wembe hasa. Mashine ya umeme alikuwa nayo, lakini watu walimjia kwa ajili ya mkono wake, kwa kidevu laini kama yai na mstari wa paji la uso ulionyooka utadhani umepigwa kwa rula. Duka lake lilikuwa chini ya jengo lile lile walimopanga, na lilikuwa na viti viwili ingawa kinyozi alikuwa mmoja. Kiti cha pili kilikuwa cha wasemaji.

"Sisi mtu na mkewe tumekamata kichwa kizima," alipenda kuwaambia. "Mimi nawapunguzia watu nywele, mwenzangu anawaongezea macho. Amebaki wa meno tu."

Mbingu Fundi alizianza bila kukusudia. Jioni moja alichukua lenzi mbili zilizokataliwa, moja hafifu ya msoma magazeti, nyingine nene ya mtu aliyetolewa mtoto wa jicho, akazifunga kwenye ncha mbili za bomba la karatasi la kuviringishia vitambaa, akapanda nalo juu ya paa palipoanikwa nguo. Alitaka tu kuona kama hesabu ya lenzi inakwenda mbali kuliko pua za watu.

Mwezi ulimjia usoni. Hakufurahi. Aliogopa. Ulikuwa umechubuka, una mashimo, una milima yenye vivuli, kitu cha kweli kilichoning'inia bila kushikwa na chochote. Akalishusha bomba haraka, kama mtu aliyefungua mlango akakuta ni chumba cha wengine. Kesho yake akapanda tena.

Darubini ya kweli aliipata kwa mpima ardhi mstaafu. Huyu alikuwa mteja ambaye kila mwaka karatasi yake ilipita tunduni ikiwa na namba kubwa zaidi, mpaka ukaja mwaka ambao haikupita. Daktari alikuwa amemwambia hakuna tena lenzi ya kumsaidia. Siku hiyo Fundi alitoka chumbani kwake kwenda kumpa pole, wakaongea, na wenzake wa dukani wakamsimulia mzee, kwa kicheko, habari za bomba la karatasi. Mzee hakucheka. Wiki iliyofuata alimwita nyumbani kwake, akamwonyesha sanduku la mbao refu kama kitanda cha mtoto.

"Chukua wewe," alisema. "Kwangu imebaki fimbo ya kuegemea."

Ndani mlikuwa na bomba jeupe refu kama mguu wa mtu mzima, lenye lenzi ya mbele pana kama kisahani cha chai. Kulikuwa na miguu mitatu ya mbao, lenzi ndogo tatu za upande wa jicho zilizovishwa soksi, na kijitabu cha maelezo ambacho panya walikuwa wamekwisha kukisoma nusu.

"Jua," mzee alimwambia akimsindikiza mlangoni, akimtafuta kwa uso kwa kuwa macho hayakumpata. "Usithubutu kulitazama kwa chombo hiki bila kichujio, kile kioo cha kulipunguza makali. Changu kilipotea."

"Najua, baba," Fundi akajibu. "Vioo ndiyo kazi yangu."

Akaanza kujifunza. Alijifunza kuitoa darubini nje mapema, ikae na kupoa, la sivyo kila nyota hucheza kama iliyo chini ya maji. Alijifunza kwamba ndani yake kila kitu huonekana kichwa chini, na kwamba ukiigusa kidogo tu, mbingu nzima hutetemeka. Jioni moja, baada ya chakula, aliikuta sayari ya Mshtarii na miezi yake minne imejipanga kama vifungo vya shati. Akaitazama, na wakati anaitazama ikaanza kuondoka. Ikateleza polepole mpaka ukingoni, ikazama. Alidhani ameigusa miguu. Akairudisha, ikaondoka tena, upande ule ule, kwa mwendo ule ule. Ndipo alipoelewa kwamba haiendi sayari. Linalokwenda ni paa alilosimamia, pamoja na kamba za nguo na jengo na mtaa wote na mumewe anayekoroma chini. Akaushika ukuta mfupi wa paa kwa mikono miwili, akaufumbata mpaka vidole vikamuuma.

Alitamani mumewe aione hofu ile. Hakuwa na neno la kumwelezea. Lakini Kinyozi alifungua duka alfajiri, na jioni taarifa ya habari ilimkuta amekwisha lala na kiatu kimoja mguuni.

"Fundi, nyota zako ziko zamu ya usiku," alimwambia. "Mimi niko zamu ya mchana. Niletee kitu cha mchana, nitapanda."

Basi akaamua kumletea jua.

Kwa jirani mchomelea vyuma aliomba kipande cha kioo cheusi kabisa, kile wanachokiweka kwenye barakoa. Alikishika mbele ya jicho akatazama juu: jua likawa duara dogo la kijani, limepoa, halina ubaya. Akakipeleka kazini. Wakati wa chakula cha mchana alikikata mviringo, akakisaga ukingo, akakitengenezea pete ya shaba, akaipachika pete juu ya lenzi ya upande wa jicho. Iliingia kwa mlio mdogo wa kuridhika. Kazi ilikuwa safi kuliko ya kiwandani.

Na hapo ndipo lilipokuwa kosa, kosa ambalo kinyozi asingelifanya, wala mwashi, wala mchomelea vyuma mwenyewe. Maisha yake yote kioo kilikaa karibu na jicho, mahali pa miwani, na pale mwanga hukifikia ukiwa umetawanyika, mpole. Katika darubini mwanga huingia ukiwa na upana wa kisahani na kutoka ukiwa na upana wa punje ya mchele, nao umebeba moto ule ule. Kichujio hutakiwa kukaa kule mbele kabisa, juani, jua lizuiwe kabla halijaingia. Yeye alilikaribisha ndani, akalikusanya, akaliongoza mpaka chumbani kwa mwenye nyumba, halafu mlangoni mwa chumba akaweka mlinzi mmoja mwembamba.

Utotoni alikuwa ameunguza karatasi kwa lenzi, kama watoto wote. Alilijua jambo hilo kwa mikono yake. Halikumjia.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko, juu ya paa. Alitazama kwanza yeye, kitambo kirefu. Duara la kijani lilikuwa na madoa manne meusi upande mmoja, na moja lilikuwa na kivuli kama kope. Akamwita mumewe, akamweka sawa kwa mabega.

"Fumba la kushoto. Sogea. Usishike kitu."

"Nimeliona!" Kinyozi akapaza sauti. "Ee! Mbona lina madoa?"

"Ndiyo yenyewe."

"Hayo si madoa, mke wangu, hayo ni mapunye. Jua lina mapunye! Niletee mimi, siku nne tu nakurudishia kichwa kinang'aa..."

Tak.

Akajitoa kwa kishindo, mkono juu ya jicho la kulia, halafu akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Limenikonyeza! Walahi, jua limenikonyeza!"

Fundi alikwisha kuligeuza bomba pembeni. Alikigusa kioo cheusi, kikamchoma kidole. Ufa ulikwenda kutoka ukingo hadi ukingo, mwembamba kama unywele, na kupitia unywele ule jua lote lilikuwa limepita. Akalielewa jambo zima kwa mara moja, kwa utaratibu wake, kama mtu anayesoma karatasi iliyopita tunduni.

"Nimekivunja?" mumewe aliuliza. Aliacha kucheka. "Nilishika hiki kidude hapa, nikakizungusha kidogo. Nimekivunja, ee?"

"Kitapatikana kingine," alisema.

Halikuwa jibu. Lakini mumewe alilichukua kama jibu, na yeye akamwachia alichukue.

Mchana ule Kinyozi alikuwa amekaa mezani, anaitazama saa ya ukutani. Alifumba jicho moja, akafumbua, akafumba la pili.

"Fundi, hebu njoo. Saa ina mishale?"

"Ina mishale. Saa tisa kasoro."

"Kwa jicho hili haina. Namba zipo zote kwenye duara, katikati pameliwa."

"Ni kama mtu akikupiga picha kwa taa kali," alimwambia. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa tulivu. "Litaondoka. Linauma?"

"Haliumi hata kidogo."

Hilo ndilo lililomtisha kupita yote. Alikuwa ameisikia sauti ya Daktari ukutani mara nyingi, akiwaeleza watu: kule nyuma ya jicho, mahali picha inapoangukia, hakuna maumivu. Panaungua kimya, kama nguo chini ya pasi aliyoisahau mtu. Usiku huo alihesabu pumzi za mumewe mpaka dirisha likawa jeupe.

Siku ya tatu Kinyozi alisema limekwisha. Alisema hivyo akijimiminia chai, huku akiugusa kwanza mdomo wa kikombe kwa kidole. Fundi aliona kidole. Akajilazimisha kutokiona.

Siku ya tano Fundi alirudi kutoka kazini mapema akapitia dukani kwa mumewe. Kwenye kiti alilala mwashi, mteja wa miaka, kichwa nyuma, povu hadi masikioni. Kinyozi alikuwa amemwinamia karibu mno.

"Kinyozi," mwashi akanung'unika kupitia povu, "leo unaninyoa au unaninusa?"

"Tulia wewe. Abiria hapangi mwendo."

"Abiria ana shingo moja tu, bwana."

"Ndiyo maana nakwambia tulia."

Fundi alisimama mlangoni na mkoba wake. Mumewe hakuwa amemsikia. Aliunyanyua wembe, na kabla hajaushusha aligeuza uso pembeni, akautazama utaya wa mwashi kwa kona ya jicho, kama kuku anavyotazama punje. Fundi aliufahamu mgeuko ule. Wazee wenye shimo katikati ya jicho walikuja dukani wakifanya hivyo hivyo, wakichungulia pembeni ya shimo lao. Wembe ukatua chini ya sikio. Ukaanza kushuka kuelekea pale ngozi inapopigapiga, pale mshipa ulipo.

Hakuweza kupiga ukelele. Ukelele ungeushtua mkono. Hakuweza kusogea, kwa sababu kivuli chake kingeshuka juu ya kiti. Alisimama na pumzi yake kifuani na kuuangalia ule mkono aliouamini miaka kumi na tisa, ukienda kwa kumbukumbu tu, bila macho, juu ya koo la mtu anayefikiria habari za saruji. Wembe ukashuka, ukafika, ukapita. Ukarudi juu. Kwenye kidevu ukateleza. Katika povu likatokea doa dogo jekundu, likapanuka.

"Ah!" mwashi akasema, akajigusa. "Leo umenitia sahihi!"

"Nimekutia muhuri, usije ukapotea," Kinyozi akacheka, akalibana doa kwa jiwe la shabu la kukausha damu. Kicheko kilikuwa chake, lakini jiwe lilikuwa limelikosa doa mara mbili kwanza.

Mwashi alipoondoka, Kinyozi alimwona mkewe. Akaufunga wembe. Akakaa kwenye kiti cha wasemaji, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Pua hana," alisema. "Nikiitazama pua yake, pua inaondoka. Nikitazama mdomo, mdomo unaondoka. Popote ninapotazama ndipo pasipokuwepo kitu. Na la kushoto, unalijua, tangu utoto linaona ukungu."

"Kwa nini ulisema limekwisha?"

"Ningesemaje? Mimi ndiye niliyekivunja kioo chako. Umekihangaikia vile, halafu nikugeuzie kesi?"

Fundi alilikunja taulo la mwashi. "Kesho tunakwenda kwa Daktari," akasema.

Kesho yake walikaa wote wawili mbele ya Daktari, upande wa watu wenye macho, upande ambao Fundi hakuuzoea. Daktari alimpanua mboni kwa dawa, akamulika, akatazama muda mrefu, akazima taa.

"Pameungua kidogo. Padogo, lakini ni katikati kabisa." Akamgeukia Fundi. "Kichujio kilikuwa kimekaa wapi?"

"Ni mikono yangu hii, Daktari," Kinyozi akamwahi. "Haina adabu. Aliniambia usishike kitu, nikashika."

Daktari hakumwangalia Kinyozi. Alikuwa bado anamwangalia Fundi, na Fundi alikuwa anaangalia kamba za viatu vyake.

"Dawa hakuna," Daktari akasema hatimaye. "Kuna kungoja. Wengine hurudi karibu kama zamani, kwa miezi. Wengine hubaki na alama maisha yote. Siwezi kukudanganya ni lipi lako."

"Na wembe?"

"Wembe weka chini mpaka nitakapokwambia."

Hivyo mlangoni mwa duka la kinyozi kikabandikwa kipande cha boksi: MASHINE TU. Watu waliuliza wembe uko wapi, akawajibu umekwenda likizo. Waliuliza unarudi lini, akasema haujaandika. Walicheka, na waliotaka kidevu cha yai wakaenda kukitafuta mtaa wa pili. Kiti cha wasemaji kikaanza kubaki tupu saa za mchana, na Kinyozi akawa anakipangusa vumbi.

Kila Ijumaa jioni Fundi alimpa karatasi ya miraba midogo yenye nukta katikati. Kinyozi aliitazama nukta kwa jicho la kulia, na pale mistari ilipopotea akapazungushia kalamu. Ijumaa ya kwanza alizungushia duara la ukubwa wa kifungo cha koti. Ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile, na Fundi akaenda kuifungulia maji ndoo iliyokuwa tayari imejaa, ili apate pa kusimama na uso wake. Ya nne duara lilipungua kidogo, au alitaka kuona limepungua. Karatasi alizificha kazini chini ya trei ya lenzi, na kabla ya kila Ijumaa aliziogopa siku mbili nzima.

Darubini aliifunika shuka, akaisimamisha kona ya chumba.

"Mgeni wako umemfunika kama maiti," mumewe akamwambia jioni moja. "Yeye ana kosa gani? Kosa ni la mikono yangu. Ipandishe juu bwana, upunge upepo."

"Sina hamu."

"Mimi nilikuharibia kioo. Usinifanye nikuharibie na nyota."

Wema wake ndio uliokuwa ukimkata. Laiti angemgombeza! Kila mara Fundi alianza, "Unajua, siku ile..." na kila mara sentensi iligeuka njiani: siku ile jua lilikuwa kali, siku ile tulichelewa chai. Alikuwa na hofu mbili, na hofu hizo zilishikana mikono. Jicho lisipopona, angewezaje kumwambia? Na jicho likipona, kwa nini amwambie? Hii ya pili aliiogopa zaidi, kwa sababu ilikuwa na harufu ya raha.

Alipanda na darubini mara moja tu, kwa kuwa mumewe alimlazimisha. Aliipata sayari ya Zohali, ndogo, na pete yake imeizunguka bila kuigusa. Wengine hulia kwa furaha siku wanapoiona kwanza. Fundi aliitazama kwa jicho lake la kulia lililo zima, kila ukingo mahali pake, akaona aibu kama mtu anayekula mbele ya aliyefunga. Akaifunika lenzi, akakaa chini kando ya miguu mitatu mpaka nguo za majirani zikakauka kwenye kamba.

Wiki ya nane duara lilikuwa kifungo cha shati. Wiki ya kumi lilikuwa punje ya dengu. Wiki ya kumi na moja Kinyozi aliitazama karatasi, akaweka kalamu mezani.

"Mistari inapinda kidogo hapa. Lakini ipo."

Daktari alimulika, akamsomesha herufi ukutani mpaka mstari wa pili kutoka chini. Alisema alama imebaki, huenda isiondoke, lakini ni ndogo.

"Wembe?" Kinyozi akauliza.

"Jaribu. Mkono wako utaniambia zaidi ya taa yangu."

Jioni ile Kinyozi alishusha pazia la duka kungali mwanga. Alichemsha maji. Aliunoa wembe kwenye ukanda wa ngozi, mbele nyuma, mbele nyuma, muda mrefu kuliko unavyohitaji wembe. Kisha akasimama nao katikati ya viti viwili.

"Siwezi kuanza na shingo ya mtu," alisema.

"Anza na yangu," Fundi akamwambia.

Nywele zake zilikuwa fupi, na kisogo chake Kinyozi ndiye aliyekuwa akikisafisha miaka yote. Akakaa kwenye kiti. Mumewe akamfunga shuka shingoni, akampaka povu la uvuguvugu kutoka sikio hadi sikio. Katika kioo cha ukutani Fundi alimwona akichukua kipande cha pamba na plasta, akilifunika jicho la kushoto. Jicho lililobaki lilikuwa lile.

"Sasa usitikisike."

Wembe ukagusa. Ulikuwa baridi, halafu haukuwa kitu, ilikuwa tu sauti ya nywele zikikatwa karibu na mfupa. Mfyuo mmoja. Wa pili. Alihisi pumzi ya mumewe ikisimama kila wembe unaposhuka, na pumzi yake mwenyewe ikasimama pamoja nayo. Wembe ukaja upande wa kushoto, ukakata mstari, ukaenda chini. Hakugeuza uso pembeni. Katika kioo Fundi aliliona jicho lile likitazama moja kwa moja pale wembe ulipo.

"Naiona," Kinyozi akanong'ona. "Fundi, naiona ncha."

Ilikuwa imekwisha, basi. Angeweza kuondoka kwenye kiti kile na shingo safi, na neno lisingehitajika tena mpaka kufa kwao.

"Hukukivunja wewe," alisema.

"Nini?"

"Kile kioo. Ulichokishika hakikuhusika. Nilikiweka mimi upande wa jicho, na mahali pake ni kule mbele. Kingepasuka tu. Kingepasuka hata ungekuwa umefungwa mikono."

Wembe ukaondoka shingoni. Katika kioo cha ukutani aliona mkono umesimama hewani, na jicho moja, na pamba mahali pa jingine. Nje mtu alipita akiburuta kitu cha chuma, mlio ukaenda nao mpaka mwisho wa mtaa.

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Palepale juu."

"Na kwa Daktari ulijua."

"Nilijua."

"Wiki kumi na moja," Kinyozi akasema. Hakupaza sauti. "Wiki kumi na moja naiombea radhi mikono yangu."

Alikwenda kwenye beseni, akausuuza wembe, akaupangusa kwa kitambaa kila upande. Fundi hakugeuka. Povu lilikuwa linakauka upande wa kulia wa shingo yake na kumvuta ngozi. Alingoja asikie mlango. Alisikia hatua zikirudi, zikasimama nyuma ya kiti, na mkono ukamshika utosini, mzito, usio mpole wala mkali, mkono wa mtu aliye kazini.

"Inamisha kichwa," mumewe alisema.

Akainamisha. Sasa kioo cha ukutani hakukiona tena, wala uso wa mumewe. Aliona magoti yake chini ya shuka, na nywele chache sakafuni. Wembe ukatua chini ya sikio la kulia, ukatulia hapo, haujaenda.

"Naogopa," Fundi akasema, kwa sauti isiyoweza kuitikisa hata shuka.